Niliacha Subaru Nikachukua Starlet

Kuna maneno matatu ambayo yametia vijana wengi wa Nairobi kwa shimo: ongeza kidogo tu.

Unatafuta keja ya elfu nane, ajenti anakwambia ongeza kidogo tu upate yenye vigae na maji ya moto. Unatafuta simu, muuzaji anaweka ile nyingine kando yake halafu ananyamaza, anaacha macho yako yajifanyie kazi. Mimi nilikuwa natafuta gari. Nilikuwa na laki tatu na elfu sabini, pesa ya miaka mitatu ya kuhariri video za harusi na ruracio za watu hadi saa tisa usiku. Kila broka niliyempigia alianza na "sawa siste" na akamaliza na hayo maneno matatu.

Sasa tangu niposti video ya Starlet yangu, inboksi yangu imejaa. Nusu yenu mnauliza nilipata wapi. Hiyo nusu nyingine mnauliza kwa nini sikuongeza kidogo tu nikachukua Subaru. Nitawajibu nyote, lakini mjue hii stori inapitia mahali sijawahi kuongelea hapa.

Kwanza tuelewane, mimi sikuwa natafuta gari ya kunifikisha tu. Matatu inanifikisha. Nilitaka gari ya raha. Nilitaka kitu ambacho Jumapili asubuhi naweza kukosa sababu ya kutoka na bado nitoke. Mathe aliposikia hivyo aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya na pesa, kwa sababu kuna ploti Joska. Kila familia ya Kenya ina hiyo ploti Joska. Nilimwambia nitanunua ploti nikiwa na miaka arobaini na magoti yangu hayawezi klachi tena. Hakucheka.

Raha ya gari ni nini? Ukiuliza mtaani, wasee watakwambia ni nguvu na kelele. Ile Impreza ya turbo inayopita Thika Road saa sita usiku ikipiga risasi kwa ekzosti. Na sitadanganya, hata mimi ile sauti hunigusa mahali. Lakini hebu fikiria hesabu ya kawaida. Sheria ya Kenya inakupa kilomita 50 kwa saa ndani ya mji na 110 kwa barabara kuu. Gari ya nguvu za farasi mia mbili na kitu inafika 110 kabla hujamaliza kupumua. Baada ya hapo kila raha unayopata ni ya kuiba: unaiba kwa karao, unaiba kwa mama anayevuka barabara na ndoo, unaiba kwa bahati yako mwenyewe. Asilimia kubwa ya hiyo injini umelipia na hutaitumia. Ni kama kununua ng'ombe mzima kwa sababu unapenda matumbo.

Starlet yangu ina injini ya 1300. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 85 hivi, na baadhi ya hao farasi wameshastaafu. Lakini gari yenyewe ina uzito wa kilo mia nane na kitu. Impreza ya turbo inakaribia kilo 1,400. Hiyo tofauti ni kama kubeba watu wazima wanane kila mahali unapoenda, usiku na mchana, hata ukienda kununua maziwa. Gari nyepesi inageuka ukiwaza tu. Inasimama haraka, hailambi tairi, na ukiikanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya pili, injini ikilia kama inadaiwa, unaangalia spidomita unakuta ni 60. Unajisikia mwizi na hujavunja sheria yoyote ya maana.

Babangu alikuwa ananiambia hivi tangu nikiwa mdogo, sikumsikiza. Yeye aliendesha matatu ya Githurai miaka kumi na saba, zile Nissan za abiria kumi na nne, kuanzia enzi za kabla ya sheria za Michuki za 2004 wakati watu walikuwa wanakaa mpaka juu ya gia. Alikulia enzi za Safari Rally ya Pasaka, ile ya kupita kijijini kwenu vumbi likikaa hewani dakika kumi. Shujaa wake ni Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, nne zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote ndani ya Datsun. Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 pale Naivasha, nilimwekea runinga sauti juu. Aliuliza swali moja: "Ngapi zimefika?" Kwake hiyo ndiyo rally yote. Gari ni ile iliyofika.

Nilisema nilimwekea sauti juu. Ni kwa sababu Baba ana presha ya macho. Aliacha kuendesha 2019 baada ya kugonga kioo cha pembeni cha gari nyingine mara mbili kwa wiki moja. Yeye alidhani anazeeka, kumbe pembeni hakukuwa na kitu tena. Huu ugonjwa unaanza kula ukingoni ukielekea katikati, polepole, bila maumivu, na mwanga ukishaenda haurudi. Dawa na upasuaji kazi yake ni kulinda uliobaki. Kwa hivyo sisi watoto watatu tulikuwa tunachanga kila mwezi kwa ajili ya upasuaji wa jicho lake la kulia, lile bora. Mweka hazina alikuwa mimi. Kwa simu yangu kulikuwa na akaunti ya laki moja na elfu thelathini na tano iliyoandikwa "Macho".

Mnaona stori inaenda wapi.

Ile Subaru niliiona mtandaoni saa saba usiku. Impreza ya bluu, turbo, muuzaji anataka 560,000. Nilimpigia asubuhi, akashuka mpaka 520,000 haraka sana, na hapo tu ningejiuliza maswali. Laki tatu na sabini zangu, ukijumlisha na pesa ya Macho, ni laki tano na elfu tano. Elfu kumi na tano ningekopa beste yangu. Upasuaji ulikuwa bado hauna tarehe. Nikajiambia ni miezi miwili tu, harusi za Agosti zikianza ninarudisha yote. Sikujiambia naiba. Nilijiambia nazungusha.

Tulienda kuiona na binamu yangu. Huyu binamu hajui tofauti ya radieta na betri, alinisindikiza kwa sababu mathe alisema nisiende peke yangu. Lakini broka alimwongelesha yeye saa nzima. Mimi nauliza lini mara ya mwisho oili ilibadilishwa, yeye anamwangalia binamu anamjibu, "Brathe, hii imetunzwa sana." Mimi nauliza kuhusu turbo, yeye anamwambia binamu kwamba rangi ni ya kiwandani. Wasichana mnaonisoma mnajua hii kitu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikubali. Nilikuwa nimeshapenda. Ukishapenda gari, masikio yako yanafungwa na wewe mwenyewe ndiye umeshika ufunguo.

Akasema kuna mteja mwingine anatoka Kiambu, yuko njiani, na pesa taslimu. Huyo mteja wa Kiambu! Nafikiri yeye ndiye mtu mwenye shughuli nyingi zaidi Kenya, kwa sababu kila gari na kila ploti inayouzwa yeye yuko njiani anakuja. Nikatuma elfu ishirini ya kuishikilia. Nikatuma kutoka Macho, kwa sababu pesa zangu zilikuwa kwa sacco na zingechukua siku mbili kutoka.

Jioni nikiwa kwa matatu ndipo nilifanya kitu ambacho kingenichukua dakika tano asubuhi. Niliingia eCitizen, nikalipa shilingi mia tano na kitu, nikaweka namba ya gari. Rekodi ikarudi na majina mawili ya wenye gari. La kwanza ni la mtu ambaye hata si huyo aliyekuwa anajiita mwenye gari. La pili ni la kampuni ya mikopo. Kama hujui maana yake: gari ikichukuliwa mkopo wa logibuku, mkopeshaji anaandikwa kama mmiliki mwenza mpaka deni liishe. Mtu akikuuzia hiyo gari, amekuuzia deni lenye magurudumu. Siku moja unaamka parking haina kitu, na aliyeichukua ana karatasi zote.

Nilipiga simu ya broka. Ikalia. Kesho yake ikalia. Siku ya tatu ikawa mteja wa namba hiyo hapatikani kwa sasa. Nilienda polisi nikaandikisha, nikapewa namba ya OB, na hiyo namba ndiyo kitu pekee ninachomiliki kutoka kwa Impreza ya bluu.

Sacco ilipotoa pesa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudisha ile elfu ishirini mahali pake. Ndugu zangu hawakujua. Baba hakujua. Nikabaki na laki tatu na nusu, na aibu. Halafu nikaanza upya, safari hii bila kupenda mapema.

Hapa ndipo wale mlikuja kwa sababu ya gari mnaweza kutoa kalamu.

Kwa laki tatu na nusu, ukitaka raha, tafuta wepesi na gia za mkono, halafu vipuri vya rahisi. Mambo mengine yote ni urembo. Mazda Demio, ile ya mwili wa kuanzia 2007, ni gari nzuri kuliko jina lake. Ziko nyepesi, chini ya tani moja, na zinageuka vizuri ajabu. Wanaume wanaiogopa kwa sababu mtu aliwaambia ni gari ya wasichana, na uoga wao ni mzuri kwetu, tunaipata kwa bei ya chini. Shida ni kwamba za gia za mkono ni nadra hapa na nzuri zake zilinizidi bei. Vitz RS niliiota tu. Probox ya gia za mkono, ikiwa haina magunia, ni raha kuliko watu wanavyokubali, lakini nyingi zimefanya kazi ya punda tangu zishuke melini na zina makovu. Toyota DX ningechukua kesho, ila wazee wenye DX safi hawauzi. Wanazikwa nazo karibu.

Starlet ilikuja kwa njia ya kanisa. Mwalimu mmoja mstaafu huko Kinoo, anaenda kuishi na mtoto wake, ana gari imekaa. Model ya 1998, namba za KA, mlango mitano, klachi. Alitaka 320,000. Hakukuwa na mteja wa Kiambu njiani.

Kabla ya Starlet nilikuwa nimeangalia gari saba, na nilikuwa nimeanza kuwa sugu. Mvua ya Aprili na Mei 2024 ilizamisha magari mengi hapa Nairobi, na hayo magari hayakuenda mbinguni. Mengine yalianikwa, yakapigwa manukato, yakarudi sokoni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Sehemu ya mwisho ya mkanda hakuna mtu huosha, na alama ya tope inabaki pale kama alama ya maji kwa ndoo. Nilipata moja hivyo Embakasi, muuzaji akaniambia mtoto alimwaga chai. Chai ya kufika mabegani.

Tairi nayo ina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 3518, hiyo ni wiki ya 35 ya mwaka wa 2018, hata kama muuzaji ameipaka dawa mpaka inang'aa kama kiatu cha askari. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, lakini raba ya pedali hairudi; gari inayosema elfu themanini na pedali ya klachi imelika mpaka chuma, amini pedali. Fungua kifuniko cha oili: ukipata kitu kama uji wa maziwa, maji na oili vimeshakutana ndani, sema asante uende nyumbani. Na namba ya chesisi iliyochongwa kwa bati ilinganishe na logibuku herufi kwa herufi, usiione aibu, chukua muda wako hata kama mwenye gari anakohoa.

Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwa boneti. Ikiwa ya moto, mtu alikuwa anaficha kitu. Gari baridi haijui kudanganya.

Hiyo ya boneti ni ya Baba. Nilimbeba kwenda Kinoo kwa teksi. Sikuwa nimepanga. Alisikia nikiongea kwa simu, akauliza, "Ni Starlet ya injini gani?" nikajua sina ujanja, lazima aje.

Mwalimu alipoona mzee anashikwa mkono kuvuka lango, nafikiri alidhani hiyo siku ni rahisi. Walisalimiana, wakapatana wote wawili wanajua mzee fulani wa Uthiru, dakika ishirini zikaenda hapo. Kisha Baba akaomba apelekwe kwa gari. Alitembeza kiganja kutoka boneti mpaka buti, polepole, kama mtu anayepapasa ng'ombe sokoni. Kwa mlango wa nyuma wa kushoto akasimama. "Hapa palipigwa." Mwalimu akakubali, alisema ni nguzo ya lango, 2011. Nilikuwa nimepita hapo na tochi ya simu mara mbili na sikuona kitu.

Akaingia kiti cha abiria, akaweka mkono juu ya dashibodi. "Washa. Usikanyage. Wacha ijiongeleshe."

Iliwaka mara ya kwanza. Tukakaa kimya watu watatu tukisikiliza injini ya 1300 kama taarifa ya habari. Akasema tapeti ziko sawa kwa umri wake. Akasema kuna beringi inaanza kulia upande wa mkanda, pengine pampu ya maji. Akaniambia nifungue dirisha, nitie gia ya kwanza, niachilie klachi pole pole. "Inashika juu sana. Hiyo klachi ina miezi michache." Akamgeukia mwalimu, au upande aliodhani mwalimu yuko, akakosea kidogo, na hakuna mtu aliyemrekebisha. "Mwalimu, gari yako ni nzuri. Lakini mtoto atanunua klachi."

Tulikubaliana 285,000. Uhamisho ulifanywa pale pale kwa simu mbili: mwalimu anaanzisha kwa akaunti yake ya eCitizen, mimi nakubali kwa yangu, na pesa haikutoka mpaka nikaona jina lake peke yake kwa rekodi. Niliangalia hilo jina kama mara nne.

Kwa wale wa hesabu: nilibaki na elfu sitini na tano, na nilikuwa nimepanga hivyo. Usinunue gari ya zamani kwa pesa zako zote. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji, na kazi, elfu tisa na mia tano. Huo mkanda wa raba ulikuwa haujulikani umri, na sikutaka kuujua kwa kusimama Waiyaki Way usiku. Tairi nne mpya za inchi 13, elfu ishirini, na hapo ndipo wenye magari makubwa wananionea wivu. Vibushi vya mbele, elfu saba na mia tano. Breki pedi, oili na filta, elfu saba. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, elfu tano na mia tano. Ile kubwa niliulizia kampuni tatu, zote zilisikia "1998" zikanitakia siku njema. Klachi ilikufa miezi mitatu baadaye, vile ilivyotabiriwa, elfu kumi na nne. Vipuri vingi nilitembea Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, na kwa Starlet hakuna duka lililoniambia nirudi wiki ijayo.

Mafuta: inanipa kama kilomita 14 kwa lita nikichanganya mji na nje. Beste yangu mwenye Forester ya turbo anapata saba mjini, na huyo ni mtu mpole wa mguu. Kwa kilomita mia sita kwa mwezi, ukipiga shilingi 180 kwa lita, mimi natoa kama 7,700, yeye kama 15,400. Simcheki. Anaipenda gari yake na anaweza kuilipia, na mtu wa namna hiyo achukue Subaru na Mungu ambariki. Subaru nyingi mbaya za sokoni si kosa la Subaru. Ni kwamba zimepitia mikononi mwa watu watano walioongeza kidogo tu ili kuinunua, na hakuna hata mmoja aliyebaki na pesa ya kuitunza.

Na msidhani naishi mbinguni. Starlet haina ABS, bati ni jembamba, na lori likinipita kwa ile mteremko wa Mai Mahiu ninahisi kama karatasi. Kwa hivyo Mai Mahiu usiku siendi, basi. AC ilikufa zamani na sijafufua. Nikibeba watu wanne kupanda mlima wa kuelekea Limuru, tunaimba nyimbo za kuitia moyo. Karao hunisimamisha mara kwa mara kwa sababu gari ya zamani kwake ni mahali pa kutafuta makosa, kwa hivyo taa zangu zote zinawaka, zote, kila siku.

Lakini hiyo barabara ya kutoka Ruaka kupitia Banana mpaka Tigoni, Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, majani chai yana umande pande zote mbili na barabara inajipinda kama imechorwa na mtoto. Gia ya tatu, ya pili, ya tatu. Hakuna mahali nilipita kilomita 70 na viganja vyangu vilikuwa vinatoa jasho kwa furaha.

Nilimpeleka Baba huko Jumapili moja kabla ya upasuaji. Tarehe ilikuwa imetoka ghafla, wiki sita tu baada ya ile stori ya Impreza. Hesabu mwenyewe. Kama ningekuwa nimezungusha, harusi za Agosti zilikuwa bado hazijaanza. Alikuwa amefungua dirisha, kiwiko nje, kofia yake ya enzi za matatu. Mimi sikuwa nimelala vizuri. Pale tulipopita Banana nikamwambia yote. Broka, elfu ishirini, akaunti ilitoka pesa gani, nilirudisha lini. Niliongea nikiangalia barabara kwa sababu nilikuwa na kisingizio cha kuangalia barabara.

Alinyamaza kitambo kirefu. Nikabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Hiyo Subaru," akasema, "ilikuwa ya klachi?"

"Hapana Baba. Otomatiki."

"Otomatiki." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa mbali. "Elfu ishirini, kwa otomatiki."

Halafu akasema ndugu zangu niwaambie mwenyewe, kabla ya Alhamisi, asisikie wameambiwa na mtu mwingine. Nikasema sawa. Akasema tena, "Kabla ya Alhamisi." Nikasema ndio, Baba.

Tulienda kidogo. Majani chai yakaanza. Akainua mkono kutoka dirishani.

"Weka ya pili sasa. Mbele kuna kona."

Nilikuwa bado sijaiona.